Namna ya Kuichambua Kazi Iliyopewa Tuzo ya Arthur C. Cope

Jumuiya ya Kemia ya Marekani hutoa kila mwaka Tuzo ya Arthur C. Cope, yenye jina la mwanakemia huyo, kwa mafanikio makubwa katika kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, kwa sharti kwamba umuhimu wa mafanikio hayo uwe umedhihirika katika miaka mitano iliyotangulia. Mwanafunzi au mwalimu anayetaka kuzama katika fani hii atapata katika orodha ya washindi wake mtaala ambao kwa maoni yangu unavishinda vitabu vingi vya kiada, mradi ajue pa kuanzia.

Anza na tatizo, si sifa za mshindi. Kabla ya kufungua makala yake yoyote, andika kwa sentensi moja jambo ambalo wanakemia walishindwa kulifanya au kulieleza hapo awali. Chukua tuzo ya kwanza, ya mwaka 1973, waliyopewa Robert Burns Woodward na Roald Hoffmann. Woodward, akiwa katika kazi ndefu ya kuunda vitamini B12 maabarani, alikutana na mimenyuko ya kufunga pete ambayo umbo la mazao yake lilikwenda kinyume na alivyotarajia. Mwaka 1965 yeye na Hoffmann walianza kuchapisha kanuni zinazoonyesha kwamba ulinganifu wa obitali, yaani maeneo ambamo elektroni hupatikana, ndio unaoamua ncha za molekuli zizunguke upande gani.

Kisha chora kwa mkono wako. Chora mnyororo wa kaboni nne wenye bondi maradufu mbili, uweke alama kwenye obitali za ncha zake, halafu ufunge pete: kwa joto ncha zote mbili huzunguka uelekeo mmoja, ilhali kwa mwanga kila ncha huzunguka kinyume cha mwenzake. Ikiwa chuo hakina vifaa vya kuundia mifano ya molekuli, udongo wa mfinyanzi na njiti za kiberiti vinatosha kabisa. Hatua hii isirukwe, kwa maana anayesoma kanuni hizi bila kuzungusha kitu mkononi hukariri tu.

Ukishazielewa, zijaribu kwenye mmenyuko mwingine. Unaofaa zaidi ni wa Cope mwenyewe, ambao yeye na Elizabeth Hardy waliuripoti mwaka 1940: molekuli ikipashwa joto, bondi moja kati ya kaboni mbili hukatika wakati ileile nyingine inapoundwa. Cope alifariki mwaka 1966, na inapendeza mno kwamba tuzo yenye jina lake ilianza na watu ambao kanuni zao zinaueleza mmenyuko wake.

Kwa washindi waliobuni vichocheo, chunguza hasa mazingira ya kazi. Robert Grubbs alituzwa mwaka 2002 kwa vichocheo vya mmenyuko ambamo bondi maradufu hubadilishana sehemu zake, ingawa namna mmenyuko huo unavyotokea ilikuwa imekwisha kupendekezwa na Yves Chauvin mwaka 1971. Ubora wa vichocheo vya Grubbs vya metali ya rutheni ulikuwa kustahimili hewa, unyevu na vikundi vingi vya atomi vilivyoviharibu vichocheo vya awali. Kwa hiyo, katika makala za aina hii, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la matokeo, unakili halijoto, kiyeyushi na kiasi cha zao, kisha ukae kwa muda mrefu zaidi kwenye safu zenye mazao hafifu, ukijiuliza ni kikundi gani cha atomi kilichokizuia kichocheo.