Mtoto mwenye usonji katika shule ya umma: jinsi ya kudai huduma, ofisi kwa ofisi

Mimi ni mwalimu wa elimu maalum katika shule moja ya umma hapa Kisumu, Kenya, na mwongozo huu ni wa wazazi wa watoto wenye usonji (autism). Wazazi hunijia na lalamiko lilelile: "Mwalimu, shule imekataa kumsaidia mtoto wangu." Nami huwauliza maswali matatu. Uliomba nini hasa? Ulimwomba nani? Karatasi iko wapi? Kwenye swali la tatu wengi hunyamaza.

Shule za umma huendeshwa kwa karatasi. Neno ulilomwambia mwalimu mkuu pale langoni, hata akiitikia kwa kichwa, halina mwenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu kuomba kitu chenye jina, kwa ofisi yenye uwezo wa kukitoa, na kubaki na nakala. Nimeuandika kwa kufikiria Kisumu, lakini ngazi ni zilezile ukiwa Kakamega, Busia, Siaya au Nakuru.

Hatua ya 1: Jua unabisha mlango wa nani

Ndani ya ua mmoja wa shule kuna waajiri kadhaa, na hapa ndipo wazazi wengi hupoteza muhula mzima. Madarasa ya chekechea, yaani PP1 na PP2, yako chini ya serikali ya kaunti. Ndivyo Katiba ya 2010 ilivyogawa kazi. Kuanzia Gredi ya 1, shule iko chini ya Wizara ya Elimu, ambayo mtu wake wa karibu ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Mwalimu mwenyewe huajiriwa na kuhamishwa na Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, yenye ofisi yake tofauti hata kama mnaikuta jengo moja. Msaidizi, mpishi na bawabu huajiriwa na bodi ya shule, ile tunayoiita BOM.

Kwa hiyo ukitaka mwalimu aliyesomea elimu maalum, barua yako iende TSC. Ukitaka msaidizi wa darasa, andikia bodi. Mtoto akiwa PP2, afisa wa wizara atakusikiliza vizuri tu, kisha akuelekeze kwa kaunti.

Hatua ya 2: Andika daftari kabla ya kuandika barua

Nunua daftari la kawaida. Kwa wiki mbili hivi andika matukio, si hukumu. "Ana fujo" ni hukumu. "Hasikii" ni hukumu. Tukio lina sehemu nne: kilichotangulia, alichofanya, watu walifanya nini, na kilichomtuliza.

Mfano: *Jumanne. Kengele ya mapumziko iligongwa karibu na dirisha. Alijiziba masikio, akapiga kelele, akakimbilia langoni. Mwalimu alimvuta mkono, akazidi kulia. Alitulia alipokaa peke yake chini ya mwembe.*

Kurasa tano za namna hii humfunulia mwalimu kitu ambacho hata ripoti ya hospitali huenda isiseme: kinachomwangusha mtoto huyu ni kelele na kushikwa ghafla. Ukiona siku mbaya zote zilikuwa za mvua ya alasiri ikipiga mabati, tayari una hoja ya kikao. Andika pia anayoyaweza. Mtoto asiyesema neno lakini anayepanga vifuniko vya soda kwa rangi ameshamwonyesha mwalimu mahali pa kuanzia hesabu.

Daftari hilo pia hufunga mdomo wa majirani wa "hiyo ni chira", yaani laana ya kuvunja mwiko, au "mpeleke akaombewe". Ombeni, sikatazi, lakini daftari liendelee.

Hatua ya 3: Tathmini mbili, usizichanganye

Ya kwanza ni ya hospitali. Kisumu wengi huenda Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia. Huko ndiko hutoka jina la hali ya mtoto pamoja na rufaa kwa mtaalamu wa matamshi au wa tiba ya kazi. Karatasi za hospitali ndizo pia utakazotumia kumsajili mtoto katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ili apate kadi. Hospitali nyingi hazifanyi tathmini ya kadi kila siku, kwa hiyo uliza siku kabla ya kulipa nauli.

Ya pili ndiyo ya shule, na ndiyo wazazi huisahau. Hufanywa na kituo cha tathmini ya elimu, EARC; vituo hivi viko nchini tangu 1984. Afisa wa elimu wa kaunti ndogo atakuonyesha kilipo. Mara nyingi ni chumba ndani ya ua wa shule ya msingi. Beba cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, karatasi za hospitali, madaftari ya shule na lile daftari lako.

Usiondoke kabla ya kusoma sehemu ya mapendekezo. Ikiwa imeandikwa tu "aendelee na masomo", omba kwa upole iongezwe: akae darasa la kawaida au kitengo maalum, yaani darasa la watoto wenye mahitaji maalum ndani ya shule? Kwa msaada gani? Afuate njia gani ya mtaala? Mtaala wa umilisi (CBC, siku hizi CBE) una njia ya umri, ambamo mtoto hupanda gredi kama wenzake, na njia ya hatua, kwa watoto ambao masomo ya kawaida hayawafai, inayoanzia hatua ya msingi hadi ya ufundi. Mtoto mwenye usonji anaweza kufuata yoyote kati ya hizo. Usikubali apelekwe njia ya hatua kwa sababu tu hasemi.

Shule ikikuambia haimpokei mpaka afaulu mtihani wa kuingilia, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtihani wa kumchuja mtoto katika shule ya umma. Inaruhusu ule wa kujua awekwe darasa gani, basi.

Hatua ya 4: Chagua ombi

Mzazi anayeanza kwa kudai msaidizi wa mtoto mmoja hujibiwa "hatuna bajeti", na mazungumzo yanafia hapo. Mimi huwashauri waanze na mambo yasiyogharimu shule hata shilingi. Kiti mbali na mlango na dirisha la barabarani. Ratiba ya picha ubaoni au mezani: darasa, uji, mchezo, darasa, nyumbani. Kumwonya dakika chache kabla ya kengele. Ruhusa ya kuvaa vizuia-sauti masikioni. Kwenda chooni kabla ya msongamano. Kona moja ya kutulia, hata kama ni mkeka nyuma ya darasa, na makubaliano kwamba kona hiyo si adhabu.

Chagua matatu kutoka kwenye daftari lako. Matatu, si kumi. Mwalimu huyu ana watoto wengine sitini au zaidi mbele yake, na akiona karatasi ndefu ataikunja. Yakishafanya kazi kwa muhula mmoja, una ushahidi wa kuombea yale ya gharama: msaidizi, choo kinachofaa, mwalimu wa pili, kitengo.

Hatua ya 5: Barua

Fupi, ukurasa mmoja, Kiswahili au Kiingereza, yote sawa. Hii ni kielelezo:

*Kwa Mwalimu Mkuu,*
*YAH: MSAADA WA KIMASOMO KWA (jina la mtoto, gredi)*
*Mimi ni mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu. Mtoto ana usonji, kama ripoti ya EARC niliyoambatanisha inavyoonyesha. Ninaomba: (1) akae mbali na mlango, (2) awe na ratiba ya picha, ambayo nitaitengeneza mimi, (3) aonywe kabla ya kengele. Ninaomba pia kikao na mwalimu wa darasa ili tuandike mpango wake wa elimu binafsi. Naomba jibu kwa maandishi kufikia tarehe (…).*
*Nakala: Mwenyekiti wa BOM, afisa wa EARC.*

Peleka nakala mbili. Moja ibaki shuleni, ya pili, yako, igongwe mhuri wa kupokelewa, iwe na tarehe na sahihi. Sekretari akisema mhuri haupo, aandike jina lake na tarehe kwa kalamu. Ule mstari wa "Nakala" usiuache. Barua inayojulikana imesomwa na wawili haipotei kirahisi kwenye droo.

Hatua ya 6: Kikao na mpango wa mtoto

Mpango wa elimu binafsi, IEP, ndio moyo wa jambo lote hili. Omba awepo mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu au naibu wake, na mwalimu wa elimu maalum; shule isipokuwa naye, omba afisa wa mtaala wa eneo, CSO. Nawe usiende peke yako. Nenda na mwenzio, shangazi wa mtoto, au mzazi mwingine atakayekaa kimya na kuandika.

Angalia malengo yanavyoandikwa. "Ataboresha tabia" halipimiki. "Atakaa kwenye mkeka wa hadithi kwa dakika tano, siku tatu kwa wiki, akipewa picha ya 'keti'" linapimika, na kila mtu atajua mwisho wa muhula kama limefikiwa. Kila lengo liwe na mtu wa kulifanya, na mmoja wao uwe wewe. Mzazi aliyejitolea kukata picha za ratiba husikilizwa tofauti na mzazi aliyekuja kugomba.

Jioni hiyohiyo tuma ujumbe kwa simu: "Asante mwalimu kwa kikao cha leo. Tulikubaliana yafuatayo…" Asipopinga, una kumbukumbu.

Hatua ya 7: Fuata pesa na kiti cha bodi

Serikali imekuwa ikitenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, na mwenye mahitaji maalum huongezewa. Nyongeza hiyo hufuata takwimu. Muulize mwalimu mkuu: mtoto wangu ameandikishwa katika mfumo wa wizara kama mwenye mahitaji maalum? Asipoandikwa hivyo, kwa hesabu za Nairobi hayupo.

Kisha uliza nani anakaa kwenye kiti cha watu wenye mahitaji maalum katika BOM. Ile Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekitenga kiti hicho. Nimeona shule ambako wazazi hawakujua kipo. Mtafute mwenye nacho, au mjipange wazazi mkiombee.

Hatua ya 8: Wakikataa

Panda ngazi moja baada ya nyingine, kila mara ukiambatanisha barua iliyotangulia: BOM, mkurugenzi wa kaunti ndogo, mkurugenzi wa kaunti, bodi ya elimu ya kaunti. Ukitaka takwimu au rekodi, omba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016; ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi Kisumu.

Kuna jambo moja lisilosubiri ngazi: kipigo. Adhabu ya viboko na ya kumdhalilisha mtoto ni kosa chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na faini inaweza kufika shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Piga picha alama, mpeleke hospitali siku hiyo, nenda kwa afisa wa watoto au piga 116, haipigwi kwa malipo.

Hatua ya 9: Kabla hajaingia Gredi ya 7

Sekondari ya chini iko kwenye ua uleule wa shule ya msingi, kwa hiyo wazazi hudhani mpango utahama wenyewe. Hauhami. Mtoto anatoka kwa walimu wachache wanaomjua na kukutana na mwalimu mpya karibu kila somo. Muhula wa tatu wa Gredi ya 6, omba kikao cha makabidhiano, na uandae ukurasa mmoja wa kumpa kila mwalimu: kinachomsumbua, kinachomtuliza, anavyoomba kwenda chooni, na namba ya simu ya nyumbani. Toa fotokopi za kutosha, na mbili za ziada kwa walimu wa mazoezi watakaokuja katikati ya mwaka.