Kuomba ruzuku kwa kikundi kidogo Dar es Salaam: anza na akaunti ya benki, andiko lifuate

Kikundi chetu kipo Mbagala, wilaya ya Temeke. Tupo wanachama kumi na wanane, na wengi wetu ni mama wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Mwaka jana tuliomba ruzuku ya kutengeneza viti maalumu vya watoto hao. Andiko, yaani maombi yetu ya mradi, lilipita na tukapigiwa simu ya pongezi, lakini fedha tukazikosa kwa sababu ya neno moja kwenye jina la akaunti. Mwaka huu tumeomba tena kwa mfadhili mwingine na tumepata. Naandika sasa hivi, wakati kila hatua bado iko kichwani, ili mwenzangu mwenye kikundi Vingunguti, Tandale au Kigamboni asipoteze alichopoteza mtoto wa jirani yangu: mwaka mzima wa kukaa sakafuni.

Usajili, kwa kifupi

Wengi mnao tayari. Kikundi cha kijamii kinasajiliwa halmashauri, na unaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. NGO inasajiliwa kwa Msajili wa NGOs chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na maombi yanapitia kwenye mfumo wa mtandaoni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 cheti cha NGO kina muda wa miaka 10, kwa hiyo wenye vyeti vya zamani angalieni tarehe zenu.

Kabla ya kitu kingine, soma kwenye tangazo nani anaruhusiwa kuomba. Wapo wafadhili wanaopokea vikundi vya halmashauri, na wapo wanaotaka NGO tu. Kama wanataka NGO na ninyi ni kikundi, tafuteni NGO mnayoifahamu muombe pamoja, na muandikiane nani atashika fedha na nani atasaini malipo. Msikubaliane kwa mdomo, hata kama mwenyekiti wao ni shemeji yako.

Benki

Hapa ndipo tulipoumia, na ndipo nitakapokaa.

Cheti chetu kina jina la maneno matatu. Akaunti ilifunguliwa mwaka 2017 na viongozi wa mwanzo, na aliyejaza fomu akaweka neno "Kikundi" mbele ya jina na kuliacha neno la katikati. Miaka yote hiyo hakuna aliyeliona, kwa sababu fedha zilizokuwa zikiingia ni michango yetu wenyewe, elfu mbili mbili kila wiki. Mfadhili alipotaka barua ya benki ya kuthibitisha akaunti, nikaenda tawini nikijua ni kazi ya nusu saa. Binti wa dirishani akaweka cheti na kadi ya akaunti sambamba mbele yake, akapitisha kidole juu ya maneno.

"Mama, samahani. Hili jina na hili siyo moja. Barua siwezi kukuandikia."

Nilimwomba. Nikamwonyesha picha za watoto kwenye simu. Akaniambia kwa upole kwamba hata angetaka, mfumo wake haumruhusu, na akanipa karatasi yenye orodha: muhtasari wa kikao cha wanachama waliokubali kurekebisha jina, ukiwa na mahudhurio na saini za wote, barua ya utambulisho ya Afisa Maendeleo ya Jamii, nakala za cheti na katiba zenye mhuri, vitambulisho vya NIDA na picha za watia saini wote.

Watia saini wetu walikuwa watatu. Mmoja alishahamia Morogoro, mwingine alifariki mwaka 2021, Mungu amlaze pema. Kwa hiyo ili turekebishe jina ilibidi kwanza tubadilishe watia saini, na ili tubadilishe watia saini ilitakiwa saini ya yule wa Morogoro. Tukachangishana nauli, akaja. Tukapeleka karatasi, zikarudishwa: barua ya afisa ilikuwa na tarehe ya nyuma kuliko tarehe ya kikao, kana kwamba afisa alithibitisha uamuzi ambao haujafanyika. Tukaanza upya. Jumla ilituchukua wiki tano, na mfadhili alikuwa ametupa tatu.

Kwa hiyo fanyeni hivi leo, hata kama hakuna tangazo lolote mnaloliwinda. Tandazeni mezani cheti, katiba, cheti cha TIN (namba ya mlipa kodi), kadi ya benki na karatasi iliyopigwa mhuri wenu, kisha mtu mmoja asome jina kwa sauti, herufi kwa herufi, na mwingine afuatilie kwa kalamu. Ikitofautiana hata nukta, rekebisheni. Mpangilio wa tarehe ni kikao kwanza, muhtasari, barua ya afisa, halafu benki. Muwe na watia saini watatu, na maelekezo kwa benki yaseme wawili kati yao wanatosha, mmoja wao akiwa mweka hazina. Mtia saini akihama au akifariki, mbadilisheni mwezi huohuo, inauma lakini fanyeni.

Na stetimenti. Mfadhili ataomba ya miezi sita au mwaka, na anachotafuta ni mwendo wa fedha, siyo ukubwa wake. Sisi tulikuwa tunakusanya michango na kuitumia mkononi, kwa hiyo stetimenti ya kwanza ilikuwa karibu nyeupe, kama kikundi kilichokufa. Siku hizi kila shilingi inaingia benki kwanza, ndipo inatolewa. Makato yapo, lakini sasa karatasi inaonyesha kwamba tunaishi.

Wapi pa kuomba

Tenganisheni mkopo na ruzuku. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na unarudishwa. Ni mzuri kwa biashara. Kwa kazi ya huduma isiyoingiza fedha, kama yetu, mtarejesha kwa kutumia nini?

Kwa ruzuku, Foundation for Civil Society ipo hapahapa Dar es Salaam na ruzuku kwa asasi ndiyo kazi yake. Women Fund Tanzania Trust inasaidia vikundi na mashirika ya wanawake. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi ya jamii inayoelekea zaidi kwenye majengo na vifaa, kwa hiyo usipeleke bajeti ya mishahara na posho. Kanada ina mfuko wa miradi midogo, CFLI. Mwaka wao wa fedha unaishia tarehe 31 Machi, na miradi yake mingi ni ya miezi michache, kwa hiyo mradi unaohitaji mwaka mzima usiulazimishe uingie humo.

Mtu akikudai ada ya fomu, au "hela ya kusukuma faili", ondoka. Wafadhili niliowataja hawauzi fomu.

Bajeti na profoma

Kabla ya kuandika bajeti tulipita nyumba kwa nyumba katika mitaa yetu, tukawahesabu watoto na kuwapima: goti hadi nyonga, nyonga hadi bega, upana wa kiuno. Tukapata watoto 31, na andiko likasema 31. Tungeandika "watoto wengi wa Mbagala" msomaji asingekuwa na cha kushika.

Kisha tukaenda Keko, kwa mafundi samani. Fundi tuliyempata alitengeneza kiti cha mfano: mbao, sponji, mkanda wa kifuani, meza ndogo ya mbele. Tulipomkalisha mtoto akawa anateleza taratibu hadi mkanda ukamfika shingoni. Fundi hakusema neno. Akakata kipande cha mbao, akakizungushia sponji, akakipigilia katikati ya mapaja. Mtoto akatulia, na kwa mara ya kwanza nikamwona anashika kikombe kwa mikono miwili. Kipande kile kikawa mstari wake peke yake kwenye bajeti.

Tatizo lilikuwa karatasi. Mfadhili anataka profoma tatu, yaani karatasi za bei kabla ya kununua, za wauzaji tofauti, zenye TIN, na fundi wetu bei zake anaandika kwa penseli nyuma ya plaiwudi. Tulimsindikiza TRA akachukua TIN yake, na TIN hutolewa bure. Msiwaache mafundi wazuri kwa sababu hawana karatasi, ila anzeni mapema kuwasaidia. Kwenye profoma hakikisheni pana jina, TIN, tarehe, bei ya kimoja kimoja, na muda ambao bei itashika. Ombeni siku 90, kwa sababu toka siku ya kuomba hadi fedha kuingia, mbao zinaweza kupanda.

Vitu vidogo tulivyosahau mara ya kwanza: makato ya benki, kirikuu cha kubeba viti kutoka Keko hadi Mbagala, na matengenezo. Sponji inachakaa.

Kuandika na kutuma

Jibu swali lililoulizwa, kwa idadi ya maneno iliyowekwa. Wakiomba bangokitita, usiogope jina: ni jedwali la lengo, shughuli, kiashiria na namna ya kuthibitisha. Sisi kiashiria chetu kilikuwa idadi ya watoto wanaokaa wenyewe kwa muda wa kula mlo mmoja, na uthibitisho ni daftari analojaza mama. Kinapimika na kila mama anakielewa.

Nyaraka zipigwe skani stesheneri, siyo picha za simu zenye kivuli cha mkono, na ulizeni zipunguzwe ukubwa maana mifumo mingi inakataa faili zito. Tumeni siku mbili kabla. Na tafadhali someni saa vizuri: 11:59 PM ni saa 5 na dakika 59 usiku. Katibu wetu alikuwa ameandika kwenye daftari saa 11 jioni ya kesho yake, na tuligundua kwa sababu tu mwanangu alilisoma tangazo kwa sauti.

Mkipata

Kama ninyi ni NGO na mkataba unazidi shilingi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinataka uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku hizo zinaisha haraka, andaeni barua kabla ya kusaini.

Kila malipo yawe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na itoeni nakala siku hiyohiyo, kwa sababu wino wake unafutika. Nakala ibandikwe kwenye karatasi yenye namba ya mstari wa bajeti. Sisi tuna mafaili mawili yanayofanana, moja kwa mweka hazina na lingine kwa katibu, nyumba mbili tofauti. Masika iliyopita maji yaliingia ndani kwa mweka hazina hadi usawa wa kitanda.