Somo: Kabla hujaweka majina na namba za wateja wako kwenye mfumo wa mtandaoni

Wakuu, kuanzia Majengo mpaka Kibaigwa naulizwa jambo lile lile: "Nikitumia mfumo wa mauzo wa mtandaoni, taarifa za wateja wangu zitakuwa salama?" Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia huu uzi.

1. Anwani ianze na https. Kama sivyo, funga ukurasa.

2. Bonyeza "nimesahau nenosiri". Wakikutumia kiungo cha kuweka jipya, sawa. Wakikutumia lile lile la zamani, kimbia. Wanalihifadhi kama ulivyoliandika, na atakayeiba hifadhidata yao atalisoma. Mfumo makini hubaki na alama tu iliyotengenezwa kutokana na nenosiri.

3. Uliza kwa maandishi: data zikiwa zimelala kwenye seva, zimesimbwa (yaani zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo)? Nani kwenu anaweza kuzifungua, na akifungua inaandikwa mahali? Kusimba humzuia mwizi wa diski. Mwenye funguo hazuiliki. Swali la pili wauzaji wa mifumo hawalipendi, kwa hiyo lirudie.

4. Kila mfanyakazi na akaunti yake. Wa kaunta hahitaji kitufe cha kupakua orodha nzima ya wateja.

5. Mfanyakazi akiondoka. Hapa soma polepole. Watu hubadili nenosiri, wakalala usingizi. Kumbe kwenye mifumo mingi simu ikishaingia haiulizwi nenosiri kila mara. Inabeba kibali chake, na kubadili nenosiri kunaweza kusikifute. Kuna duka la dawa hapa mjini, muuzaji aliacha kazi akahamia kwa jirani, na wateja wa sukari na presha wakaanza kupata meseji za bei nafuu kutoka huko. Hakuna aliyedukua kitu. Fuata mpangilio huu: simamisha akaunti yake (usiifute, kumbukumbu za alichofanya zinaweza kwenda nayo), fungua orodha ya vifaa vilivyoingia, toa vyote, kisha angalia barua pepe na namba ya kurejesha akaunti ni za nani.
ONYO: kama akaunti kuu ilifunguliwa kwa barua pepe au laini yake, ihamishe kabla hujampa barua ya kuachishwa.
ONYO la pili: kama mfumo umeunganishwa na programu nyingine, badilisha na ule ufunguo wa kuunganishia (msimbo wa siri ambao programu hiyo huutumia kuingia kwenye mfumo). Wenyewe haufungamani na nenosiri la mtu.

6. Bakapu: waulize mara ya mwisho kuirudisha kwa majaribio ilikuwa lini. Nawe pakua nakala yako, ila usiirushe kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi.

MASWALI

— Mkuu kwa kifupi, mfumo gani bora?
— Kwa kifupi, jaribu hatua ya 2 kwenye huo ulionao.

— Mbona unatutisha? Sisi duka zima tuna nenosiri moja na haijawahi kutokea shida.
— Umejuaje? Akaunti ikiwa moja, kila kitu kimeandikwa umefanya wewe. Siku orodha ikivuja utamuuliza nani?

— Habari za kazi mkuu. Sisi ni Saccos ndogo huku Kongwa, seva za mfumo wetu ziko Ireland. Sheria inaruhusu?
— Nzuri mkuu, na asante kwa kuuliza mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haijafunga mlango wa kupeleka taarifa nje. Imeweka masharti, na kubwa ni kwamba ziendako zilindwe ipasavyo. Nyinyi ndio mnaoamua taarifa za wanachama zikusanywe kwa ajili gani, kwa hiyo jukumu mnabaki nalo hata kama seva si zenu. Jisajilini kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwenye mkataba na mwenye mfumo dai mambo mawili: data zikivuja mtaambiwa ndani ya muda gani, na mkiachana atawarudishia kwa umbo gani na kufuta zake lini. Mkitaka niupitie, futeni majina mnitumie.

— Nimewasha uthibitisho wa hatua mbili kwa SMS. Inatosha?
— Umewazidi wengi. Udhaifu wake: mtu akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake, meseji zinamfuata yeye. Programu ya kutoa namba za kuthibitisha haitegemei laini. Ukiiweka, zile namba za akiba unazopewa na mfumo ziandike karatasini, ukae nazo pamoja na leseni ya biashara. Simu ikiibwa ndizo zitakazokuingiza.

— Nyongeza wakuu: pigeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu cha NIDA. Mimi nimekuta moja siijui.
— Hiyo sikuiandika, asante. Nenda kwa mtandao husika waifunge, usisubiri.

— Nauza kompyuta ya dukani wiki hii. Nikitoka kwenye mfumo inatosha?
— Hapana. Futa na nenosiri zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, halafu fungua folda ya vilivyopakuliwa. Orodha za wateja huwa zimejaa humo, na kuzitupa kwenye pipa la kompyuta si kuzifuta. Kama diski inatoka, itoe ubaki nayo, mnunuzi apunguziwe bei.