Viwavi bustanini: mjue mla jani kabla ya kushika bomba

Ukikuta kabichi imetobolewa, geuza jani kwanza. Wengi wanaokula mboga zetu wanashinda upande wa chini.

1. Tafuta kinyesi. Kiwavi huacha vipunje vya kijani au vyeusi, hasa pale jani linapoungana na shina. Vikiwa vibichi, mwenyewe yuko karibu. Ukiona njia ya utelezi inayong'aa, huyo ni konokono, somo lake siku nyingine.

2. Mtambue. Kijani, mdogo, ukimgusa anajinyonganyonga kinyumenyume kisha ananing'inia kwa uzi: ni mtoto wa nondo mgongo-almasi. Hula jani akaacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Mche umelala asubuhi, umekatwa usawa wa udongo? Ni sota, kiwavi mkata miche. Chimbua kwa kidole kuzunguka shina, utamkuta wa kijivu amejikunja kama herufi C. Nyanya ikiwa na tundu la mviringo karibu na kikonyo, kuna funza wa matunda, na akishaingia dawa ya juu haimpati. Chuma tunda hilo, liharibu.

3. Okota. Toka usiku na tochi na kopo la maji ya sabuni. Mayai ya manjano yaliyosimama wima chini ya jani ni ya kipepeo mweupe. Yaponde kwa kidole. Watu hudharau hatua hii, lakini kwa matuta mawili matatu mimi sioni dawa inayoishinda.

4. Zuia. Funika kwa neti siku ileile ya kupanda. Ukichelewa utawafungia ndani na chakula chao. Kwa sota, zungushia mche kipande cha karatasi ngumu, kizame sentimita 2 au 3.

5. Nyunyiza ukilazimika. Bt (Bacillus thuringiensis) ni dawa ya bakteria: kiwavi lazima aile ndipo imdhuru. Inafanya kazi vizuri kwa wadogo, na jua huiharibu upesi. Niliwahi kuipiga saa nne asubuhi, jua kali, nikapoteza dawa yote. Piga jioni, chini ya majani, kwa kipimo cha lebo.

Maswali ya wanachama

*Nimepiga Bt jana, leo bado wapo. Nimeuziwa feki?*
Usihukumu bado. Huacha kula ndani ya saa chache, ila kufa huchukua siku kadhaa. Angalia kama kuna kinyesi kipya.

*Kando ya kiwavi wa kabichi kuna vifuko vidogo vya manjano vimeshikana. Ni mayai yake?*
Hapana, usiviponde! Ni vifukofuko vya nyigu wadogo waliokulia ndani ya mwili wake. Watakapotoka watawatafuta wenzake.

*Wangu hawasikii Bt kabisa, hata wadogo.*
Hesabu miguu laini ya tumboni, ile iliyo nyuma ya miguu sita ya kifuani. Kiwavi halisi hazidishi jozi 5. Ukihesabu jozi 6 au zaidi, una mabuu ya nyigu-msumeno, na Bt ya viwavi haiwaui. Waokote.