Somo: LEI ya kampuni yako, kuanzia kuiomba mpaka kuikagua kwa kikokotoo cha simu

Msimu uliopita kampuni moja ya kahawa ya Kagera ninayoitunzia vitabu ilitaka kujikinga na bei ya robusta kushuka, kwa mikataba ya soko la London. Kabla ya yote dalali akauliza: LEI yenu ni ipi? Mkurugenzi akamtumia TIN. Siyo hiyo. Akatuma namba ya usajili ya BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania. Nayo siyo. Zikapita siku nne, na bei haikutusubiri.

LEI, kifupi cha Legal Entity Identifier, ni namba ya herufi na tarakimu 20 inayoitambulisha kampuni moja tu duniani kote. Benki ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008, waliokuwa wakiidai hawakuweza kujua upesi wanaidai kampuni ipi hasa katika utitiri wa kampuni zake, maana kila mtu aliziandika majina kwa namna yake. Mataifa ya G20 yakataka namba moja. Kiwango chake, ISO 17442, kilitoka mwaka 2012, na taasisi ya kuusimamia mfumo huo, GLEIF, ikaundwa 2014 ikiwa na makao Basel, Uswisi. Tangu tarehe 3 Januari 2018, dalali au benki ya uwekezaji ya Ulaya haimfanyii muamala mteja anayetakiwa kuwa na LEI kama hana, hata mteja huyo awe Bukoba.

Hatua ya 1. Tafuta jina la kampuni kwenye tovuti ya GLEIF. Ni bure. Huenda mwenzako ofisini aliiomba zamani akaondoka nayo kichwani, na kampuni moja hairuhusiwi kuwa na LEI mbili.

Hatua ya 2. Chagua mtoaji. GLEIF yenyewe haitoi namba, bali inaidhinisha watoaji, kama Bloomberg na London Stock Exchange. Wapo pia mawakala wanaopokea maombi kwa niaba ya watoaji. Ada zinatofautiana, namba ni ileile. Linganisha bei.

Hatua ya 3. Andaa cheti cha usajili, anwani iliyosajiliwa, anwani ya makao makuu, na barua ya idhini kama anayeomba si mkurugenzi. Andika jina kama lilivyo kwenye cheti, nukta kwa nukta. Sisi tuliandika kifupi cha "Limited" wakati cheti kina neno zima, maombi yakarudi.

Hatua ya 4. Wazazi wa kampuni. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Fomu inauliza mzazi wa karibu na mzazi wa juu kabisa, nawe unawaza: nimwandike Mzee mwenye hisa asilimia 80? Usimwandike. Kinachoulizwa ni kampuni nyingine ambayo hesabu zake zinajumuisha hesabu zenu. Kampuni ya familia, inayomilikiwa na watu na si na kampuni, inachagua sababu ya kutotaja mzazi: kwamba wamiliki ni watu binafsi. Lakini kama juu yenu kuna kampuni mama, iwe Nairobi au Dubai, itajwe, na hesabu zilizojumuishwa ziambatanishwe. Taarifa hizi za nani anammiliki nani zilianza kukusanywa mwaka 2017. Kwangu mimi ndizo zenye faida kuliko namba yenyewe, kwa sababu jina tu halimwambii dalali nani atabeba deni mkishindwa kulipa.

Hatua ya 5. Lipa, subiri uhakiki, upokee namba.

Hatua ya 6. Ikague kabla ya kumtumia mtu. Tarakimu mbili za mwisho ni za uhakiki. Tuchukue LEI ya GLEIF yenyewe:

506700GE1G29325QX363

Kila herufi igeuze kuwa namba: A ni 10, B ni 11, mpaka Z ambayo ni 35. Kwa hiyo G ni 16, E ni 14, Q ni 26, X ni 33. Unapata:

5067001614116293252633363

Namba hiyo ukiigawanya kwa 97, lazima baki iwe 1. Kikokotoo cha simu hakitaimeza yote, kwa hiyo ikate vipande. 5067001 gawanya kwa 97, baki 12. Hiyo 12 itangulize mbele ya tarakimu sita zinazofuata: 12614116, baki 42. Tena: 42293252, baki 88. Mwisho: 88633363, baki 1. Imepita. Sasa fanya kama umekosea ukaandika 336 mwishoni badala ya 363. Baki inakuwa 71, na kosa limekamatwa.

Hatua ya 7. Huisha kila mwaka. Usipohuisha, namba haifutwi, ila kila anayeitafuta ataona neno LAPSED, yaani muda wake umepita bila kuhuishwa, na dalali makini atasita.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mhasibu, Moshi:* Shikamoo mwalimu. Benki yetu ina namba ya SWIFT yenye herufi 8. Si ndiyo hiyohiyo?

Marahaba. Hapana. Ile ni ya kupitishia malipo na ujumbe wa kibenki, ina herufi 8 au 11. Na usichanganye na ISIN yenye herufi 12, inayoanza na TZ au KE: ile hutambulisha hisa au hatifungani, si kampuni iliyoitoa.

*Mfanyabiashara, Mombasa:* Mimi nauza viungo peke yangu, sina kampuni. Naweza kuomba?

Unaweza, ndugu yangu, mradi biashara yako imesajiliwa na unaomba kama mfanyabiashara. Mtu binafsi kwa mambo yake binafsi hapewi. Ila kama unauza iliki kwa malipo ya kawaida ya benki na hujaulizwa LEI, hifadhi hela yako.

*Msomaji, Kampala:* Mtoaji wangu amepandisha ada ya kuhuisha. Nikihama, namba itabadilika?

Haibadiliki. Peleka ombi la kuhama kwa mtoaji mpya, naye atawasiliana na wa zamani. Zile herufi nne za mwanzo zitaendelea kuonyesha mtoaji wa kwanza, kwa hiyo usizitumie kujua nani anaishika sasa. Angalia rekodi.

*Dada wa Dodoma:* Tumebadilisha jina la kampuni BRELA mwezi uliopita. Tuombe LEI mpya?

Hapana, dada. Kampuni ni ileile, namba inabaki. Mpelekee mtoaji cheti cha kubadilisha jina leo, usingoje tarehe ya kuhuisha.