Feni ya umeme: jaribu kwa karatasi

Ukitoa feni ya mkanda ukaweka ya umeme, usiondoke gereji kabla ya jaribio hili. Washa feni gari likiwa limesimama, kisha sogeza karatasi nyepesi mbele ya rejeta (kipoza maji ya injini), upande wa shoo, yaani uso wa mbele wa gari. Inatakiwa inase hapo kwenye rejeta. Ikipeperushwa kuja kwako, feni inazunguka kinyume. Geuza waya zake mbili, chanya iende kwa hasi. Mota ya DC (umeme wa betri) ukiigeuzia waya nayo hugeuka, na feni za mtumba za Gerezani, Dar, rangi za waya huwezi kuziamini. Fundi atakuambia "si inapuliza hiyo?" Inapuliza, ndiyo, ila joto la injini linarudi kwenye rejeta, na ukikaa foleni ya Barabara ya Mandela mshale wa joto unapanda. Gari likikimbia napo feni inashindana na upepo.

Karatasi hudanganya rejeta ikiwa imeziba tope: haitanasa hata feni ikiwa sawa. Mapanga ya feni yakiwa yamepinda kwa upande mmoja, kugeuza waya pekee kutakupa upepo dhaifu. Feni yenye kontroli (saketi ya kuiendesha) yake ndani usiigeuzie waya kabisa, utaiunguza.