Ukitolewa na ree mbili mkononi

Wenzangu mnaokutana jioni kucheza mashindano ya poka, ule mchezo wa karata wa kuweka dau, kuanzia Area C hadi Kisasa hapa Dodoma: ukitolewa, usianze kuhesabu nani kakubahatisha. Jiulize chipu zako, vile vidude vya kuwekea dau, ziliingia mezani ukiwa na nafasi gani ya kushinda.

Ree (A) mbili, karata kubwa kuliko zote, dhidi ya K mbili, kabla karata za mezani ambazo wachezaji wote huzitumia hazijafunguliwa, hushinda takriban mara 82 kati ya 100. Zile 18 zipo siku zote, na hakuna aliyekuroga. Tena mashindano si mkono mmoja, yaani mgawo mmoja wa karata. Ukiweka chipu zote mara tano, kila mara ukiwa na nafasi ya asilimia 80, uwezekano wa kushinda zote tano ni kama asilimia 33 tu. Naipenda sana hesabu hii, maana inaondoa lawama. Mkulima wa Kongwa aliyepanda mtama kwa wakati, mvua ikikata Februari, halaumu jembe.

Basi weka daftari. Andika karata zako, dau na sababu ya uamuzi, usiupime uamuzi kwa matokeo. Soma kesho yake, hasira zikiwa zimepoa. Mikono uliyoshinda kwa bahati iandike pia; wengi huisahau, ndiyo maana hujiona wana mkosi.

Kiingilio kitoke kwenye fedha ya starehe, kamwe si kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Na ukijiona unataka kulipa kiingilio tena papo hapo ili "urudishe", inuka mezani, nenda kanywe chai.